Taa za Baba Mkwe

Nyumba haina mlango, haina dirisha, na hakuna aliyewahi kuingia akatoka kusimulia. Lakini siku hizi tunasimama nje tukihesabu taa zinazowaka ndani. Mwenye jibu alishike kwanza, asiliseme.

Ijumaa hiyo asubuhi Subilaga alikuwa amepiga magoti ndani ya Pango, anafuta kwa kitambaa cha dawa. Pango ndilo jina ambalo watu wa Isyenga walilibandika lile bomba jeupe la kupigia picha za ndani ya mwili, kwa sababu unaingia umelala na unatoka umejulikana. Alikuwa amesomea kazi ya kusoma hizo picha miaka mitatu mizima, akarudi milimani na cheti chake kwenye bahasha ngumu, na mwaka uliofuata akaletwa Mpambanuzi. Mpambanuzi hakuwa mtu. Kilikuwa kisanduku kilichobanwa ukutani, chenye sauti ya mama wa kanisani, kinasoma picha mia kabla wewe hujamaliza kupenga kamasi. Tangu hapo Subilaga akabaki kuwachoma wagonjwa dawa ya mwanga, ile inayofanya ugonjwa uwake kama taa kwenye picha, kufuta Pango, na kuwaambia wazee wasiogope.

Kisanduku kikalia.

"Namba thelathini na moja," kikasema. "Haitikii. Taa za zamani zimekolea. Taa mpya, mbili. Sindano inahamia kwa namba thelathini na mbili leo saa kumi jioni."

Kitambaa kilimdondoka. Namba thelathini na moja alikuwa baba mkwe wake.

Mimi si mkamwana wake, kwa hiyo naweza kumtaja: Angolwisye Mwambelo, mzee mrefu, mkali kwa wavivu, mwenye fimbo ya mwanzi. Subilaga hakuwahi kulitamka jina hilo tangu aolewe. Kwa watu wa kwao, mke wa mwana na baba wa mume hawaonani. Akimsikia njiani, yeye hutoka njiani, huingia majanini, hugeuza mgongo na kufunika kichwa mpaka mzee apite. Hali naye, haketi alipoketi, hamtaji. Miaka kumi na minne alikuwa ameishi naye boma moja na asingeweza kukuambia rangi ya macho yake. Hata siku mbili mzee alizokuja kupigwa picha, Subilaga aliomba ruhusa, akashika zamu nesi wa kituo cha bonde la pili.

Na sasa hayo ya sindano. Saratani ya tezi dume ikishatambaa mpaka mifupani hula homoni ya kiume kama mbuzi anavyokula majani ya migomba. Sindano hufunga ghala, mbuzi akalala na njaa. Lakini dawa ilikuwa haba, wilaya nzima ilipata ya wanaume thelathini na mmoja tu, na Halmashauri ya Dawa ilikuwa imeweka sheria: baada ya miezi mitatu, picha. Taa zikipungua, mwili umeitikia, endelea. Zikiongezeka, pisha mwenzako. Zamani walipima na damu pia. Siku hizi walisema picha inatosha, macho ya Mpambanuzi hayana usingizi.

Subilaga aliijua aibu moja ya macho hayo. Alifundishwa chuoni na mwalimu mmoja mzee ambaye sasa alikuwa marehemu: mfupa unaopona nao huwaka. Saratani ikianza kufa njaa, mfupa hujijenga, na kujenga kunavuta dawa ya mwanga vilevile kama kubomoka. Kwa miezi michache ya mwanzo anayepona anaweza kuonekana kama anayeungua. Mpambanuzi aliambiwa hilo pia, lakini aliambiwa na jingine: taa ikitokea mahali ambapo haikuwepo, ihesabu saratani, hakuna huruma.

"Naomba shahidi wa macho," Subilaga akasema.

Sheria iliacha upenyo huo mmoja. Mtu aliyesomea anaweza kuifungua picha, akaitazama, akaapa kwamba Mpambanuzi amekosea. Kila kituo kilikuwa na shahidi wake, na ulikuwa umepita mwaka wa sita bila mtu kumwita.

"Shahidi wa kituo hiki ni Subilaga Mwambelo," kikajibu kisanduku. "Ana hadi saa kumi."

*

Alishuka mlima nusu kukimbia. Juu yake, kwenye mgongo wa Rungwe, nyavu za kukamua maji ya ukungu zilikuwa zimetanda kama nguo zilizoanikwa, na huko ndiko mumewe Ipyana alikokuwa akifanya kazi, akishuka mara moja kwa wiki. Ipyana angemwambia nini? Nenda kamfunue baba yangu? Usiende, acha afe?

Mama mkwe wake, Tumpe, alikuwa jikoni anamenya ndizi. Mwanamke huyu alipenda mafumbo kuliko chumvi, na kwa miaka yote hiyo ndiye aliyekuwa daraja kati ya mkwe na mkwe: la huku akalipeleka kule, la kule akalileta huku, na njiani akalitia viungo vyake. Alipomwona Subilaga akaanza bila hata salamu. Akasema baba yenu tangu achomwe sindano anavuja jasho ghafla na kujipepea na sahani, kama yeye alipokuwa anakoma hedhi. Amemwambia, karibu kwetu mume wangu, huku ndiko tunakoishi.

Subilaga hakucheka. Akakaa kwenye kigoda, akaeleza yote, na alipoona uso wa mama mkwe unaishiwa damu akatafuta njia ya fumbo, ambayo mama huyu angepita bila taa ya mtu mwingine.

"Mama, nyumba mbili ziko ng'ambo ya bonde. Moja ina kibatari kimoja, kinafifia. Nyingine inawaka kila chumba. Wezi wako ipi?"

Tumpe akafikiri, kisu hewani. "Ile ya kibatari. Mwizi hawashi taa."

"Na ile inayowaka?"

"Huko kuna mafundi." Kisu kikashuka taratibu. "Ah. Unasema mafundi wamo ndani ya baba yenu."

"Nadhani. Lakini zipo taa mbili mpya sizielewi. Lazima nimwone, Mama. Nimwone mifupa yote, mpaka… mpaka chini." Akakitazama kigoda. "Nimekuja kuomba ruhusa yake."

Mama mkwe akanyanyuka, akajifunga kitenge upya, akapita nyuma ya nyumba kwenye migomba. Subilaga alibaki jikoni na masikio yake. Aliisikia sauti ya mama mkwe ikipanda na kushuka, kisha jembe likirudi kulima. Akasikiliza jembe hilo. Mwezi wa pili wa sindano lilikuwa likipiga mara nne na kupumzika. Leo alihesabu kumi na mbili.

Maana ndiyo hivyo: mtu usiyeruhusiwa kumwona unamsikia mpaka mifupa. Kumkwepa mzee yule kulitaka amjue akiwa mbali, kwa kikohozi, kwa mlio wa mwanzi juu ya mawe. Kabla ya sindano fimbo ilipiga mara mbili kwa kila hatua, kama mtu anayeomba ardhi ruhusa. Sasa ilipiga mara moja. Hakuna mashine iliyolijua hilo.

Tumpe akarudi, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Amesema hapana. Amesema hivi: mwambie mama wa mjukuu wangu Lugano, nilizaliwa nikiwa uchi, nitaoshwa nikiwa uchi, lakini katikati hapo nina nguo zangu. Amesema afadhali afe akiwa baba mkwe kuliko aishi akiwa picha."

Subilaga akafunika uso.

"Hilo ni lake, nimelifikisha bila kulitia chumvi," mama mkwe akaendelea, sauti yake imeshuka. "Sasa langu. Mimi nimelala na mtu huyo miaka arobaini na sita. Sitaki kumzika kwa ajili ya adabu. Lakini sikutumi, mwanangu. Ukifungua mlango huo umeufungua wewe, na mimi sitaweza kuufunga."

*

Kwenye benchi la kituo, nje ya ubao mwembamba unaotenga chumba cha Mpambanuzi, alikuwa ameketi Bupe, binti wa mzee Lwitiko, namba thelathini na mbili, anafuma sweta la kijivu. Alisimama na kumpa Subilaga mikono miwili.

"Dada, wametupigia simu. Wamesema leo saa kumi huenda zamu yetu ikafika." Alicheka kidogo, kisha akajizuia, kama anayecheka msibani. "Baba hawezi tena kugeuka kitandani. Namgeuza mimi. Namwambia vumilia, kuna mtu anakaribia kutoka."

Kisha akaona alichokisema, akainamia sindano zake za kufumia.

Subilaga aliingia ndani, akafunga mlango, akauegemea. Hakuna mahali pa kwenda. Nyuma yake sweta, mbele yake kisanduku, nyumbani jembe linalopiga kumi na mbili na neno hapana. Asipoangalia, mzee atarudi kwenye kupiga fimbo mara mbili, kisha kitandani, kisha hakuna fimbo. Akiangalia akakosea, atakuwa amemnyima Lwitiko sindano ili mtu mwingine afe nayo mwilini. Akiangalia akapatia, bado mtu aliyesema hapana atakuwa ameangaliwa. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na robo.

"Shahidi yuko tayari?" Mpambanuzi akauliza kwa upole. "Una uhusiano wa damu na mgonjwa?"

"Hapana," akasema, na ilikuwa kweli. Sheria iliandikwa na watu waliodhani damu ndiyo kamba ndefu kuliko zote.

"Tamka jina la mgonjwa kwa sauti."

Hilo hakulitegemea. Alijaribu kusema namba, kisanduku kikarudia. Alijaribu kunong'ona, kisanduku kikasema hakikusikia. Mwisho akafumba macho, akakaza vidole kwenye ukingo wa meza.

"Angolwisye Mwambelo."

Nje ya ubao, sindano za kufumia ziliacha kugongana.

Picha ikafunguka. Kitu cha kwanza Subilaga alichofanya ni kuweka kiganja juu ya jina lililoandikwa pembeni, akajiambia huyu ni mtu wa bonde la pili, simjui, macho ya mwenye haja huona anachokitaka. Mwili katika picha zile hauna sura. Ni kivuli cha rangi ya moshi, na ndani yake makaa. Aliweka picha ya miezi mitatu iliyopita kushoto, ya jana kulia. Uti wa mgongo: makaa matano kushoto, matano kulia, yamekolea, lakini kingo zake zimekaza kama udongo unaokauka. Nyonga: vilevile. Akajilazimisha kushuka chini, kwenye tezi yenyewe, mahali ambapo mkamwana hapaswi kujua hata kwamba papo. Pale kushoto palikuwa na kaa kubwa. Kulia palikuwa karibu giza.

Pumzi ikamtoka. Mbuzi alikuwa anakufa njaa. Hawa walikuwa mafundi.

Zikabaki zile mbili mpya. Zilikuwa mbavuni, upande wa kushoto, ubavu wa saba na wa nane, moja juu ya nyingine, zimepangana sawasawa kama vifungo vya shati. Akazitazama kwa muda mrefu. Saratani hupanda kama mpanda ulezi, hutawanya popote. Haipangi mstari. Kinachopanga mstari ni pigo: jiwe moja, mbavu mbili.

Na hapo akajua.

Wiki sita nyuma, asubuhi ya mvua, alikuwa amechelewa zamu. Badala ya kuzunguka kwa njia ya chini alikatiza kwa njia ya juu, njia ya mzee, ambayo hakuruhusiwa kuipita. Akasikia fimbo inakuja. Akaruka nyuma ya migomba, akageuza mgongo, kanga kichwani. Akasikia mwanzi ukiteleza. Akasikia mwili mzito ukipiga lile jiwe la mfereji, na sauti ambayo hakujua kwamba mzee yule anaweza kuitoa. Hakugeuka. Alisimama pale, mgongo wake ukimtazama mtu aliyeanguka, akahesabu pumzi za mzee mpaka thelathini na tisa, mpaka akamsikia akijiinua mwenyewe na kwenda zake akikokota mguu. Hakumwita mama mkwe, kwa kuwa angeulizwa, ulikuwa unafanya nini huko juu? Na mzee kwa kiburi chake hakumwambia mtu. Jioni alisema amelala vibaya.

Hakuna cheti cha mfupa uliovunjika. Hakuna shahidi duniani isipokuwa yeye.

"Taa mpya, mbili," Mpambanuzi akakumbusha. "Shahidi anazieleza vipi?"

"Mbavu zilivunjika. Zinaunga."

"Hakuna kumbukumbu ya kuvunjika. Shahidi amejuaje?"

Angeweza kusema ameambiwa. Angeweza kusema mstari wa taa unatosha. Lakini alijua kisanduku kingejibu kwamba mstari si ushahidi. Nje kulikuwa kimya, na alijua ukimya ule una masikio.

"Nilikuwepo," akasema, na hakunong'ona. "Nilikuwa kwenye njia yake. Alianguka juu ya jiwe, ubavu wa kushoto. Nilimsikia nikiwa nimegeuza mgongo. Sikumwinua. Andika hivyo, andika neno kwa neno."

Saa ilipofika kumi kasoro dakika nane kisanduku kikasema ushahidi umepokelewa, na sindano inabaki kwa namba thelathini na moja hadi picha nyingine.

*

Bupe alikuwa ameshakunja sweta lake. Subilaga alitaka kumweleza juu ya mafundi na wezi, juu ya mbavu, kwamba ameweka kiganja juu ya jina, kwamba angeapa hivyohivyo hata kwa mgeni. Bupe akamzuia kwa mkono.

"Nimekusikia ukimtaja," akasema. "Ubao huu ni mwembamba, dada. Nimesikia na lile la jiwe." Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa zito zaidi. "Mwanzo nilisema moyoni, ameiba. Kisha nikasema, mke wa mtu hamtaji mkwe wake kwa ajili ya uongo. Kwa hiyo nimekuamini. Ila usiniombe nikufurahie. Nina mtu wa kumgeuza."

Akaondoka. Angepita boma la kina Mwambelo kabla ya kufika kwao, na katika milima ile habari haihitaji nyavu ili ishuke.

Subilaga alifuta Pango mara ya pili ingawa lilikuwa safi. Kisha akashuka, jua bado liko juu kidogo, kwa njia ya chini, njia yake, ile halali. Alipofika penye mianzi akasikia.

Fimbo. Pigo moja kwa hatua. Ilikuwa inapanda kuelekea kwake, kwenye njia ambayo mzee hakuwa na kawaida ya kuipita.

Miguu yake ilijua la kufanya bila kumuuliza. Akatoka njiani, akaingia majanini, akageuza mgongo, akavuta kanga mpaka kwenye nyusi. Akasubiri apite. Akafumba macho, kama alivyofanya miaka kumi na minne, na kwa mara ya kwanza kufumba hakukumsaidia, kwa sababu alimwona. Alimwona anakuja na makaa yake yote: matano mgongoni, nyonga, vifungo viwili vya ubavuni, na lile giza zuri chini. Mgongo aliougeuza haukuwa ukuta tena. Angekufa akiwa bibi kizee na bado angemwona.

Fimbo ikafika karibu. Ikasimama.

Akasikia pumzi za mzee, za mtu aliyepanda mlima bila kupumzika. Akangoja neno, hata la laana, lingekuwa na uzito wa kubebeka. Halafu mwanzi ukasogea, lakini haukwenda mbele. Ulitoka njiani. Nyasi za upande wa pili zikalala chini ya miguu mizito, hatua tatu, nne, na kitambaa kikakung'utwa na kufunikwa kichwani.

Mzee Angolwisye Mwambelo alikuwa ameingia majanini na kumgeuzia mkamwana wake mgongo, akampisha apite.

Subilaga alisimama pale, asijue kama ameheshimiwa au amefukuzwa. Njia ilikuwa nyeupe katikati yao, tupu, yake peke yake. Mwisho akainama na kuipita haraka, kanga usoni, na nyuma yake hakusikia hatua wala kikohozi mpaka alipofika mlangoni kwa Tumpe, ambaye alikuwa amekaa kizingitini na sahani ya ndizi zilizopoa, na siku hiyo hakuwa na kitendawili hata kimoja.